Chipu Ikizaliwa na Kasoro, Programu Huitibu Hadi Wapi?

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa mafundi wa kompyuta, wasimamizi wa seva na wanafunzi. Naiweka hapa yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha za kwenye skrini nimeziacha.

Waheshimiwa walimu, mafundi wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo?

Naomba niwaulize maswali mawili, nanyi mnijibu kwa kunyoosha mikono. La kwanza: ni nani kati yetu anayejua toleo la mfumo endeshi uliomo kwenye kompyuta yake? Naam, karibu ukumbi mzima. La pili: ni nani anayejua toleo la fimwea iliyomo ndani ya diski ya kompyuta hiyohiyo? Mikono imeshuka. Imebaki michache, na nadhani hiyo michache ni ya watu ambao diski iliwahi kuwaliza.

Kidhibiti cha diski ni chipu inayokaa kati ya data zako na kompyuta yako. Siku hizi vidhibiti huwa pande mbili: kipo kilichobandikwa kwenye ubao mama, na kipo kilichofungwa ndani ya diski yenyewe. Hiki cha ndani ni kompyuta kamili. Kina prosesa yake, kina kumbukumbu yake, na kina programu yake, ambayo ndiyo tunayoiita fimwea. Kila barua uliyoiandika, kila picha, kila hesabu ya mshahara, hupita mikononi mwa vidhibiti hivi kabla ya kulala na kabla ya kuamka.

Sasa fikirini. Chipu ya picha ikikosea, utaona: skrini itacheza. Chipu ya sauti ikikosea, utasikia. Kidhibiti cha diski kikikosea, utaona nini? Hutaona kitu. Faili litaandikwa, utaambiwa limeandikwa, utazima mashine ukalale. Miezi baadaye utalifungua na kulikuta limeharibika, na bakapu zako zote za miezi hiyo zimenakili uharibifu uleule kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana mimi kasoro za vidhibiti vya diski naziogopa kuliko kasoro nyingine zote za kompyuta.

Mara nyingi tunaambiwa: "Usijali, kuna sasisho." Chipu ni kitu cha kushikika, imechorwa kwenye silikoni, imetoka kiwandani, imeuzwa. Sasisho ni maandishi. Maandishi yanarekebishaje silikoni?

Jibu langu ni kwamba hayairekebishi. Transista, yaani swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu, iliyochorwa vibaya itabaki imechorwa vibaya hadi siku chipu hiyo itakapotupwa. Programu inachoweza kufanya ni kuizuia chipu isipite pale palipoharibika. Ni kama daraja lililobomoka: huwezi kulijenga upya kwa kibao cha barabarani, lakini kibao kinaweza kuyapeleka magari njia nyingine, na watu wakafika salama. Wanafika, ila wamezunguka. Mzunguko huo una gharama, na neno hili nitalirudia: una gharama. Mtu anayekuletea sasisho la kutibu kasoro ya chipu bila kukuambia utalipa nini, hajamaliza maelezo yake.

Turudi katikati ya miaka ya 1990, zama za prosesa za 486 na Pentium za mwanzo. Bodi nyingi za wakati ule zilibeba mojawapo ya chipu mbili za kudhibiti diski za IDE, aina ya muunganisho wa diski wa zama zile: RZ1000 ya PC-Tech, au CMD640 ya CMD Technology. Ichukueni hii RZ1000. Ilikuwa na mbinu ya kuongeza kasi: ilisoma data kabla hazijaombwa na kuzihifadhi kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda, ili prosesa ikizitaka izikute tayari. Wazo zuri kabisa. Shida ni kwamba usomaji ukikatizwa katikati na shughuli nyingine, kwa mfano flopi au tepu ikifanya kazi wakati huohuo, bafa ile iliweza kuvurugika. Ikivurugika, baiti kadhaa zilibadilika. Hapakuwa na ujumbe wa kosa, wala mlio, wala taa nyekundu. Baiti kadhaa tu, humu na mule, ndani ya faili ambalo huenda hulifungui leo.

Kwa nini kasoro kubwa hivyo ilipita? Kwa sababu kompyuta nyingi za wakati ule ziliendesha DOS, na DOS hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ikisoma diski, inasoma diski. Walioumia ni wale waliotumia mifumo inayofanya mambo mengi kwa pamoja: OS/2, Linux, Windows NT. Katika hali kama hiyo ni rahisi mno kuulaumu mfumo mpya, maana diski ileile, kebo ileile, kwenye DOS haikuonyesha dalili yoyote. Wanafunzi, hili lishikeni. Kasoro ya chipu inaweza kulala usingizi kwa miaka, ikaamshwa na programu nzuri kuliko iliyokuwapo kabla.

Dawa yake ilikuwa nini? Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, inapoitambua RZ1000, huingia kwenye rejista moja ya usanidi na kuzima biti moja. Biti moja! Ile inayowasha kusoma kabla ya kuombwa. Chipu haikubadilika hata chembe. Iliambiwa tu: huku usipite. Kwa CMD640 ugonjwa ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu njia zake mbili za diski hazikuwa huru kama zilivyodai kuwa, na draiva, programu inayoiongoza chipu, ikalazimika kuzipangia zamu, moja ingoje mwenzake amalize. Waandishi wa kerneli hawakuficha bei. Maelezo yaliyoambatana na chaguo la RZ1000 yalimwambia mtumiaji kwamba kasi ya diski inaweza kupungua kwa asilimia chache, lakini kazi itakwenda kwa uhakika. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyozungumza na mtu mzima: umepoteza hiki, umepata hiki, chagua.

Na kazi hiyo haikuishia miaka ya 1990. Ndani ya kerneli ya Linux, hadi leo, kuna orodha za chipu na diski zenye tabia zisizoaminika. Chipu ya ubao mama iitwayo SB600 ilidai inaweza kupokea anwani za kumbukumbu za biti 64. Kwenye bodi nyingi madai hayo hayakusimama, basi kerneli ikaibana itumie biti 32. Baadaye ikaonekana kwamba bodi fulani, ikiwa na BIOS iliyosasishwa, yaani programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, inafanya kazi vizuri na biti 64, nayo ikaandikwa kwenye orodha kama ruhusa maalumu, tena pamoja na tarehe ya BIOS inayokubalika. Tarehe ya BIOS! Kuna mtu alikaa akajaribu, akathibitisha, akaandika mstari huo, na sisi wengine tunaendelea kuutumia bila kumjua. Mimi huwa naziheshimu sana orodha zile. Ni kumbukumbu ya makosa ya tasnia nzima, imeandikwa na watu ambao si wao walioyafanya.

Sasa twende kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ndani yake utaona tiba na gharama zimekaa pamoja.

Diski ya SSD haina sahani inayozunguka. Data hukaa kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo sana. Samsung 840 EVO, iliyotoka mwaka 2013, ilihifadhi biti tatu katika kila seli. Biti tatu maana yake ni ngazi nane za volteji ambazo kidhibiti lazima kizitofautishe, ndani ya seli ambayo ni ndogo kupindukia. Na chaji hiyo, ndugu zangu, haitulii. Siku zinavyokwenda volteji ya seli husogea kidogo kidogo kutoka pale ilipoachwa.

Mwaka 2014 watumiaji wakaona jambo la ajabu. Faili lililoandikwa wiki hii linasomeka kwa kasi yote ya diski. Faili lililokaa miezi linasomeka polepole, mara nyingine polepole kuliko diski ya zamani ya kuzunguka. Data hazikupotea. Kilichotokea ni kwamba volteji zilikuwa zimesogea, kidhibiti kikisoma kinakosa, kinarekebisha kipimo, kinasoma tena, kinakosa, kinasoma tena. Mwenye kompyuta anaona gurudumu linazunguka tu.

Je, Samsung ingeweza kubadilisha seli zilizokwisha kuuzwa? Haiwezekani. Fizikia ya seli haisasishwi. Oktoba 2014 ikatoa sasisho la kwanza, pamoja na programu iliyopitia diski nzima na kuandika upya data za zamani. Kasi ikarudi, watu wakashangilia. Baada ya miezi kadhaa wepesi ukapotea tena. Kumbe tiba ilikuwa ya kunywa mara moja, na ugonjwa ni wa kudumu. Aprili 2015 likaja sasisho la pili, fimwea yenye jina EXT0DB6Q, na hili lilikuwa na mpango tofauti: diski ikiwa imetulia, haina kazi, yenyewe hutafuta data zilizozeeka na kuziandika upya ili chaji iwe mbichi.

Hebu sasa tuulizane lile swali letu. Gharama iko wapi? Iko mahali pawili. Kwanza, kila seli ina idadi ya kuandikwa inayoweza kuvumilia, na kila kuandika upya kunakula sehemu ya umri huo. Pili, na hili watu wengi hawalifikirii, diski haiwezi kujiandika upya ikiwa haina umeme. Diski iliyo kazini hujitibu. Diski iliyofungiwa kabatini kwa mwaka mzima haijitibu. Mwenye diski hiyo anapaswa kuyajua mambo haya mawili. Akiyajua, anaweza kuitumia miaka mingi bila shida. Mimi naliona sasisho lile kuwa kazi nzuri ya uhandisi, na nasema hivyo bila kusita.

Kabla sijaendelea, niondoe dhana moja. Msidhani kwamba diski isiyo na sasisho ni diski isiyo na kasoro. Hakuna diski isiyo na kasoro. Diski ya sahani hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya sekta mbovu zilizogunduliwa wakati wa majaribio, na fimwea huzikwepa tangu siku ya kwanza. Kisha kuna orodha ya pili, ya sekta zilizoharibika ikiwa kazini, ambazo fimwea hubadilisha na za akiba bila kukuuliza. SSD nazo zina mabloku mabovu ya kuzaliwa na misimbo ya kusahihisha makosa inayofanya kazi kila sekunde. Kwa hiyo kutibu silikoni kwa programu hakuji siku ya ajali tu. Ndiyo kazi ya kila siku ya fimwea, na diski unayoiamini leo unaiamini kwa sababu hiyo.

Basi, kuna mpaka? Upo. Na mpaka huo ulionekana kwa wote mwaka 2011.

Januari mwaka huo Intel ilizindua prosesa za kizazi cha Sandy Bridge. Tarehe 31 ya mwezi huohuo ikatangaza kwamba chipu inayoandamana nazo kwenye ubao mama, ile inayobeba kidhibiti cha SATA, muunganisho wa diski uliokuja baada ya IDE, ina kasoro. Chipu ile ilikuwa na poti sita za kuunganishia diski. Mbili za kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde zilikuwa salama. Nne za gigabiti 3 zilikuwa hatarini. Kisa ni transista moja katika sakiti ya saa inayoziongoza poti hizo nne. Ilipewa volteji kubwa kuliko ilivyostahili, ikawa inavujisha mkondo, na kadiri muda unavyokwenda poti zingedhoofika: makosa yanaongezeka, kasi inashuka, mwisho diski haionekani kabisa.

Tafuteni biti ya kuzima hapo. Haipo. Hili halikuwa kosa la mantiki ambalo unaweza kulizunguka kwa amri. Kilikuwa kitu kinachochakaa. Intel ikasimamisha usafirishaji, ikabadilisha tabaka moja la metali katika muundo wa chipu, ikaanza kuzalisha upya. Ikakadiria gharama ya kukarabati na kubadilisha kuwa dola milioni 700, na mauzo yatakayokosekana kuwa dola milioni 300. Kwa ajili ya transista moja.

Hata hivyo njia ya kuzunguka ilikuwapo: usitumie zile poti nne. Februari 2011 Intel ikaruhusu chipu zile ziendelee kupelekwa kwa watengenezaji ambao mashine zao hazingezigusa poti zenye kasoro, na kompyuta ya mkononi yenye diski moja au mbili tu inaweza kuishi maisha yake yote kwenye poti mbili nzima. Lakini mtu aliyenunua ubao mama ili afunge diski sita, yeye hakuwa na sasisho la kumsaidia. Alihitaji chipu mpya.

Mwaka uliofuata, 2012, ilibainika kwamba diski za Intel za familia ya 520, zilizotumia kidhibiti cha SandForce, hazikuweza kutoa usimbaji fiche wa AES, yaani kuzifunga data kwa ufunguo wa siri, wa biti 256 kama zilivyotangazwa. Usimbaji wa biti 128 ulifanya kazi. Kampuni haikuahidi sasisho. Ilijitolea kuwarudishia fedha waliotaka. Nasema tena kwamba hayo ni maneno ya watu wazima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kampuni inayoficha kasoro ya kidhibiti inamwachia mteja azae matatizo peke yake.

Kwa hiyo fundi ukisikia habari ya kasoro, swali la kwanza liwe hili: kilichoharibika ni mantiki, au ni kitu kinachochakaa? Mantiki ikikosea, mara nyingi kuna njia ya kuzunguka. Kinachochakaa kikichakaa, sasisho linaweza kukununulia muda tu.

Na kuna kundi la tatu, ambalo kwa mwenye seva linafanana kabisa na kifo cha chipu, ingawa silikoni haina hatia. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitoa taarifa kuhusu baadhi ya diski zake za SSD za seva, za aina ya SAS, muunganisho wa diski unaotumika zaidi kwenye seva. Diski hizo zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, zingekufa. Miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Diski haitafunguka tena, na data zake hazitapatikana tena.

Walioandika programu humu ukumbini wameshaitambua namba hiyo. Namba ya biti 16 yenye alama ya chanya na hasi hukoma 32,767. Ongeza moja, inageuka kuwa hasi.

Sasa mtazameni msimamizi wa seva. Alikuwa mwangalifu, alinunua diski kadhaa, akazipanga kwa RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Alizifunga siku moja. Akaziwasha siku moja. Je, zitakufa lini? Siku moja! RAID inakulinda dhidi ya bahati mbaya. Haikulindi dhidi ya saa inayohesabu sawasawa ndani ya diski zote. Na tiba ilikuwapo, bure: fimwea toleo HPD8. Ilibidi tu iwekwe kabla ya ile saa. Machi 2020 ikatoka taarifa nyingine, kuhusu diski nyingine, safari hii saa 40,000, na tiba yake ilikuwa HPD7.

Kabla ya hapo, Januari 2012, Crucial ilikuwa imeshatoa fimwea 0309 kwa ajili ya diski zake za m4, ambazo zikifikisha saa 5,184 za kuwaka zilikuwa zinagoma baada ya kila saa moja ya kazi. Unaona tofauti? Ile ya Crucial ilikupa onyo la kukera, ukapata nafasi ya kusasisha. Ile ya saa 32,768 haikukupa hata dakika moja.

Nimekutana na wasimamizi wengi wanaosema: "Diski inafanya kazi, ya nini kuigusa?" Nawaelewa, kwa kweli nawaelewa. Msimamizi huyo amepewa dhamana, anaogopa kuharibu kitu kizima. Lakini kwa kasoro ya namna hii, diski itafanya kazi vizuri kabisa hadi dakika ya mwisho. Kufanya kazi kwake leo si ushahidi wa chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa hauonekani kwa macho. Unaonekana kwenye taarifa za mtengenezaji, kwa hiyo lazima azisome.

Na hofu yake ina msingi, maana dawa nayo inaweza kuua. Januari 2009 diski za Seagate Barracuda 7200.11 zilikuwa zinagoma kuonekana baada ya kuwashwa. Tatizo lilikuwa kwenye fimwea, katika daftari la ndani la matukio: diski ikiwashwa wakati daftari limefika mahali fulani, inakwama. Data zimo, sahani ni nzima, mlango umefungwa. Seagate ikaharakisha sasisho. Na sasisho la kwanza likazifanya baadhi ya diski za gigabaiti 500 zisifanye kazi, diski ambazo wenyewe walikuwa wamekuja kuzikinga. Likaondolewa, likatengenezwa upya, likatolewa tena. Mnaona mtego? Ukichelewa sana unaumia. Ukiwahi mno, siku ya kwanza, na mashine zote kwa pamoja, nako unaweza kuumia.

Tena kuna hatari ya kumtibu asiyeumwa. Mwaka 2015 kampuni ya Algolia, inayotoa huduma za utafutaji, ilikuta faili kwenye seva zake zina vipande vilivyojaa sifuri. Kila dalili ilielekeza kidole kwa diski za SSD za Samsung na namna zinavyoshughulikia amri ya TRIM, ile ya kuiambia diski kwamba sehemu fulani haina tena data. Habari ikasambaa, diski zikapata jina baya. Wahandisi wa Samsung wakalichimba tatizo, na wakakuta kosa liko kwenye kerneli ya Linux: maombi makubwa ya TRIM yalikuwa yanagawanywa vibaya pale diski zilipounganishwa kwa RAID, na hivyo zikafutwa sehemu ambazo hazikupaswa kuguswa. Diski zilitii amri mbaya. Waliotuhumiwa ndio walioleta marekebisho ya kerneli.

Mafundi wenzangu, mngefanya nini mngekuwa mahali pale? Mngebadilisha diski zote? Mngeweka fimwea mpya ambayo haikuwa na kosa la kurekebisha? Kabla ya kusema "kidhibiti kibovu", jaribu diski ileile kwenye mashine nyingine. Jaribu kebo nyingine. Jaribu kerneli nyingine. Linganisha data ulizoandika na ulizosoma kwa hesabu ya hashi, alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data zenyewe, usiamini macho. Ukishaondoa kimoja kimoja, kinachobaki ndicho kizungumze.

Sasa niseme ninavyofanya mwenyewe sasisho la fimwea, kwa wale watakaorudi kesho kwenye seva zao. Kwanza bakapu, na bakapu hiyo naifungua kuhakikisha inafunguka. Halafu nasoma taarifa ya mtengenezaji hadi mwisho: ni modeli ipi hasa, toleo lipi hadi lipi, na wanasema nini kimebadilika. Modeli mbili zenye jina linalokaribiana zinaweza kuwa na vidhibiti tofauti kabisa. Kisha nahakikisha umeme. Diski ikipokea fimwea nusu, umeme ukakatika, unaweza kubaki na kipande cha chuma. Kompyuta ya mkononi ichomekwe, seva iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba.

Naanza na mashine moja isiyo na uzito. Naiacha ifanye kazi siku kadhaa, nasoma takwimu za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, nasoma makosa kwenye kumbukumbu za mfumo. Ndipo naenda kwenye diski mbili zinazoakisiana, na hapo nasasisha moja, nangoja RAID iseme imepatana, ndipo naigusa ya pili. Kamwe si zote mbili kwa pamoja. Diski za NVMe, aina ya SSD za kasi, zimerahisisha jambo hili, maana kiwango chake kinaruhusu hadi nafasi saba za kuhifadhi matoleo ya fimwea, hivyo kwa diski zenye zaidi ya moja unaweza kuweka toleo jipya huku la zamani lingalipo. Na kwenye Linux, programu iitwayo fwupd imewasaidia wengi, kwa sababu inaleta masasisho ya watengenezaji waliokubali kuyaweka pale bila kukulazimisha kutafuta kwenye kurasa zao.

Fimwea ichukueni kwa mtengenezaji tu. Mwaka 2015 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilionyesha kwamba kundi la wadukuzi iliyoliita Equation lilikuwa na uwezo wa kuandika upya fimwea za diski na kujificha humo, mahali ambapo hata kufuta diski nzima hakufiki. Mlango tunaoutumia kuleta dawa ni mlango uleule. Ndiyo maana watengenezaji wanatia fimwea sahihi ya kidijitali, na diski ikikataa faili lisilo na sahihi hiyo, msitafute njia ya kuilazimisha.

Ombi langu kwa watakaotengeneza vifaa hivi siku zijazo, na naona baadhi yao wameketi mbele hapa: ukitoa sasisho, andika limebadilisha nini. Usiandike "maboresho ya uthabiti" ukanyamaza. Andika kasoro ni ipi, inatokea lini, na mtumiaji atapoteza nini kwa kuikwepa. Msimamizi anayejua kwamba diski yake itakufa saa ya 32,768 ataamka usiku kuisasisha. Aliyeambiwa "maboresho ya uthabiti" ataiahirisha kazi hiyo hadi likizo, na likizo inaweza kuja baada ya ile saa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa tupokee maswali, na naomba tuanze na yule ndugu wa nyuma, maana ameinua mkono tangu niliposema habari ya diski zilizowashwa siku moja.